Kibuyu Nilichokiosha kwa Sabuni

Naikumbuka siku moja ya Desemba, mwanangu, kuliko ninavyoikumbuka siku ya arusi yangu. Mahindi yalikuwa yamevunwa na kuanikwa kwenye maturubai mpaka karibu na mlango wa jikoni, baridi ya asubuhi ilikuwa bado inauma masikio, na mimi nilikuwa nimechuchumaa nyuma ya nyumba na kipande cha sabuni mkononi, naosha kibuyu cha maziwa cha wifi yangu. Nilikuwa na furaha siku hiyo. Nilikuwa hata naimba. Nakuambia hilo mapema usije ukadhani nilikusudia ubaya. Ubaya wa kukusudia ulikuja wiki tatu baadaye, na sabuni haikuhusika.

Kwanza unijue. Mimi ni Wanjiru. Baba yangu alihama kutoka mkoa wa kati akafungua duka Turbo, kando ya barabara ya Webuye, akauza chumvi, mafuta ya taa na ile miche mirefu ya sabuni ya buluu iliyokuwa inakatwa vipande kwa waya. Nilikulia nyuma ya kaunta. Mama alikuwa na usafi wa kupindukia, chombo kisicholia ukikipitishia kidole kilirudi kwenye karai. Bibi yangu alikuwa na kibuyu cha uji, lakini hicho nilikisikia tu kwenye hadithi, maana sisi tulikunywa kwenye vikombe vya bati. Ng'ombe niliwaona kwa majirani. Kisha nikampenda Kibet, mwalimu, mtoto wa wakulima Wakalenjin wa upande wa Chepkoilel, akanioa, nikaingia kwao nikiwa na miaka ishirini na miwili na kiherehere cha kuwatosha wasichana kumi.

Si kila mtu alifurahi. Mjomba mmoja wa mume wangu, mzee mwenye sauti kubwa, alisema mbele yangu, "Huyu wa duka atajua nini na maziwa?" Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, lakini usingizi nilioukosa kwa maneno hayo naujua mwenyewe. Mama mkwe alinipokea bila ubaya na bila maneno mengi. Aliyenipokea kwa mikono miwili ni Jerono, dada mdogo wa mume wangu, ambaye tulikuwa karibu rika moja. Alinionyesha kisima, akanionyesha njia ya mkato ya kwenda kanisani, akanifundisha kusalimia wazee kwa lugha yao ili nisiaibike.

Jerono ndiye aliyekuwa anashika vibuyu vya nyumba hiyo. Nyinyi wa siku hizi mnanunua mursik, yale maziwa ya kugandishwa kibuyuni, kwenye chupa ya plastiki pale dukani, mnafikiri imetoka kiwandani tangu dunia iumbwe. Acha nikueleze. Kibuyu kilipandwa kwenye ua wa shamba, kikaachwa kikomae mpaka shina lake likauke. Kilitobolewa, kikajazwa maji mpaka matumbo yake yaoze, kikakwanguliwa, kikabadilishwa maji siku nyingi mpaka uchungu uishe. Baada ya hapo kilikaushwa, na Jerono akakishonea kifuniko cha ngozi na mkanda wa shanga. Rangi za shanga alichagua mwenyewe, na ungeweza kujua kibuyu cha Jerono hata kikiwa katikati ya vibuyu hamsini. Hakuwa mtu wa kujisifu, ila akimaliza mkanda alikuwa anauweka juani na kuutazama huku ameinamisha kichwa, na ukimsemesha hasikii.

Halafu kulikuwa na kazi ya ndani. Alichukua tawi kavu la mti wa senetwet, akaliunguza ncha mpaka likawa kaa jekundu, akaliingiza kibuyuni na kulisaga kwenye kuta kwa fimbo ya mkindu iliyotwangwa ncha ikawa kama brashi. Hiyo wanaiita sosiot. Alizungusha, akanusa, akazungusha tena. Hapo ndipo maziwa yaliyochemshwa na kupoa yalipomiminwa, kibuyu kikafungwa na kuwekwa mahali pa baridi mpaka maziwa yagande na kuwa na ile ladha ya moshi. Majirani walikuwa wanakuja Desemba kuonja tu cha Jerono, wanasema wanapita.

Mwaka huo Jerono alikuwa ameposwa. Watu wa kijana walikuwa wanakuja kabla ya Krismasi kukaa na wazee wetu na kupanga mambo ya mahari, na katika nyumba za hapa mgeni wa namna hiyo hapewi soda. Anapewa mursik, na hiyo mursik ndiyo inamweleza msichana ametoka katika nyumba gani. Jerono alichagua kibuyu chake kikubwa kuliko vyote. Akakimwaga, akakisuuza kwa maji moto, akakiegemeza ukutani kikauke, akaenda mjini Eldoret kutafuta shanga za kumalizia mkanda.

Mimi nikabaki nimekitazama. Nikaingiza pua. Mwanangu, kilinuka maziwa ya jana, juzi na ya mwaka juzi. Nikachungulia ndani, nikaona kuta nyeusi tititi. Nikasema moyoni, watu wakubwa wanakuja na chombo kiko hivi? Hakuna aliyenituma. Nikachukua mche wa sabuni ya baba, niliyoileta mwenyewe kama zawadi, nikaukwangua ndani ya maji moto, nikamimina kibuyuni pamoja na changarawe, nikatikisa mpaka mikono ikachoka. Maji meusi yakatoka. Nikarudia. Yakatoka ya kijivu. Nikarudia tena mpaka yakatoka meupe, na nikajipongeza. Nilikisuuza, nikakirudisha pale pale ukutani.

Jerono aliporudi alikishika akasema, "Wanjiru, hii kibuyu imekauka vizuri, hata sikutarajia." Nikatabasamu, nikanyamaza. Unajua kwa nini nilinyamaza? Nilitaka siku ya wageni, watakapoyasifu maziwa, ndipo niseme kwa sauti mbele ya yule mjomba kwamba kibuyu nilikiosha mimi, mtoto wa duka. Nilikuwa nimeshapanga hata nitasimama wapi. Kesho yake Jerono akasaga kaa lake, moshi ukafunika kila harufu, akamimina maziwa na kufunga.

Sikujua kwamba kibuyu kinakunywa. Si sufuria hiyo. Kinanyonya kila kilichowekwa ndani, kinakaa nacho, kinakirudisha polepole. Ndiyo maana wenyewe hawatumii sabuni, wanatumia maji moto, sosiot na kaa. Mtoto yeyote wa nyumba hiyo angeniambia, kama ningeuliza.

Wageni walikuja watu kumi na tatu. Wazee walikaa upande mmoja, kina mama upande mwingine, na mama wa kijana alikuwa katikati amevaa kitambaa cheupe kichwani, mwanamke mtulivu mwenye macho yasiyokosa kitu. Maombi yakafanywa. Jerono akatikisa kibuyu chake, akafungua kifuniko, akammiminia kwanza mzee wao mkubwa. Mkanda wa shanga ulikuwa mpya na watu waliuangalia. Mzee akanywa fundo moja. Nikaona koo lake limesimama. Akameza kwa shida, akaweka kikombe chini ya kiti, akajifuta midomo na kuanza kuzungumza habari za mvua.

Mama wa kijana alikuwa amemwona. Akachukua kikombe chake, akanusa, akaonja kwa ncha ya ulimi.

"Nani anashika vibuyu hapa?" akauliza.

"Ni mimi, Mama," Jerono akajibu.

"Wewe mwenyewe? Hakuna mwingine ameshika?"

"Mimi mwenyewe. Hakuna mwingine."

Mama yule akaweka kikombe chake chini, akasema taratibu, "Basi tuleteeni chai."

Nilikuwa nimesimama pale pale nilipopanga kusimama. Yule mjomba alikuwa hatua mbili kutoka kwangu. Neno lilinifika mdomoni. Lilikuwa neno fupi tu, "ni mimi," na ningeweza kulisema kwa Kiswahili au kwa lugha yao, kwa sababu Jerono alikuwa amenifundisha hata hiyo. Nikafyata ulimi. Nikaenda jikoni kuchemsha chai kama mke mwema.

Jikoni mama mkwe aliingia na kikombe, akaonja, akakunja uso. Hakupiga kelele. Alisema, "Siku moja tu, Jerono. Nilikuomba siku hii moja tu." Jerono akasema, "Mama, sijui imekuwaje. Aki sijui." Mimi nilikuwa natia majani ya chai kwenye sufuria. Niliyatia mengi mno, chai ikawa chungu, na hakuna aliyesema lolote kuhusu chai.

Posa haikuvunjika, hapana, mambo hayakufika huko. Mahari ilipangwa. Lakini siku iliyofuata nilimwona Jerono nyuma ya nyumba amemimina maji moto ndani ya kile kibuyu, amekichungulia, ameduwaa. Kisha akakigonga kwenye jiwe mara tatu, akavitia vipande motoni pamoja na mkanda wa shanga. Nikafikiri ni hasira tu. Nikajificha jikoni mpaka moto uishe.

Aliolewa akaenda na jina baya. Kule alikoolewa mama mkwe wake hakumruhusu kugusa kibuyu hata kimoja. Hakumtesa, alimpa kazi nyingine zote, za shamba, za kuku, za kuni, lakini wageni wakija maziwa yalishikwa na mke wa kaka wa mumewe. Jerono wetu, ambaye watu walikuwa wanasingizia kupita ili waonje mkono wake! Na hata aliporudi kwetu kila Desemba, watu wote wakiwa wamekusanyika, hakusogelea upande wa vibuyu. Alichukua kisu, akakaa kwenye kigoda, akamenya viazi.

Utaniuliza, kwa nini sikusema? Nilikuwa nasema kila mwaka, moyoni. Mwaka wa kwanza nilisema, nitamwambia nikishazaa, nikishaota mizizi katika nyumba hii. Nikamzaa Chebet, watu wakaanza kuniita Mama Chebet, nikasema sasa kuna amani, ya nini kufukua? Yule mjomba akafa. Nikasema mwaka ujao. Uoga una adabu sana, mwanangu. Unakuomba siku moja tu, unaipa, kesho unarudi kukuomba nyingine kwa heshima ile ile.

Siku moja Chebet akiwa darasa la saba alimwendea Jerono na fimbo ya sosiot mkononi. Shuleni walikuwa wameambiwa walete kitu kilichotengenezwa nyumbani. Akasema, "Senge, nifundishe kutengeneza mursik. Gogo anasema zamani ulikuwa unajua." Senge ni shangazi, gogo ni nyanya. Jerono aliendelea kumenya, akasema, "Mimi sijui hiyo kazi. Uliza wengine." Mama mkwe alikuwa karibu, akageuza uso. Mimi nilikuwa nimekaa kati yao, hatua moja huku, hatua moja kule. Kama ingekuwepo siku ya kusema, ndiyo hiyo. Chebet alipeleka shuleni kikapu cha kununua.

Mama mkwe alikufa. Nilimwuguza mimi, nilimlisha mimi, na watu walinisifu sana, wakasema huyu binti wa Turbo amekuwa mtoto kuliko watoto. Nilizimeza sifa hizo moja moja. Kwenye mazishi Jerono alilia kuliko wote, na mimi nilijua kilio kile kina kitu ndani yake ambacho wengine hawakijui.

Niliposema, nywele zangu zilikuwa zimeshakuwa nyeupe. Ilikuwa Desemba ya mwaka juzi. Nilikwenda kwake mchana, ng'ambo ya Turbo, ni mjane, watoto wake wako Nairobi, mmoja amepanga chumba mtaa wa Huruma. Nilimkuta anachambua maharagwe kwenye ungo. Sikukaa hata vizuri. Nikasema, "Jerono, kile kibuyu nilikiosha mimi. Kwa sabuni."

Hakuinua kichwa. Akasema, "Najua, Mama Chebet."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu kesho yake. Nilimwaga maji moto ndani, ikatoa povu. Kwa ile boma nani mwingine alikuwa na sabuni ya buluu?"

Nikamwuliza kwa nini alikivunja, kwa nini hakumwonyesha mama yake lile povu. Akaacha maharagwe.

"Mjomba alikuwa bado hajarudi kwake. Angejua, ungerudishwa kwenu, na ulikuwa umekuja juzi tu. Nikasema wacha nivumilie, mimi ni wa hapa, hawawezi nifukuza. Nilijua utaenda kwa Mama polepole umwambie. Hata mwezi ukiisha. Hata mwaka."

"Jerono..."

"Wengine sikuwa na shida nao. Hata yule mama mkwe wangu, sikuwa na shida. Lakini Mama alikufa akijua mimi ni mzembe. Ungemwambia tu Mama."

Nililia, mwanangu. Mzee mzima nililia kamasi zikatoka, na yeye akanipa kitambaa chake. Alisema hajanikasirikia, na namwamini, ingawa ningependa angenitukana. Nikamwuliza basi, kama bado inawezekana, Chebet na binti zake wanataka kujifunza, niwalete. Nilikuwa nimebeba kibuyu kipya kwenye mfuko, nilikinunua sokoni. Akakitoa, akakizungusha, akaingiza sosiot na kujaribu mzunguko mmoja. Vidole vyake vimevimba kwenye viungo. Akajaribu tena, akanusa, akangoja, kama mtu anayetafuta jina la mtu aliyemfahamu zamani. Kisha akanirudishia.

"Imeenda," akasema. "Mkono nao husahau, kama haufanyi. Sikudanganyi, Mama Chebet, hiyo kazi niliipenda kuliko kitu chochote hapa duniani."

Tukanywa chai, nikarudi nyumbani. Krismasi hiyo tulinunua mursik ya dukani na wajukuu wakasema tamu. Hata Jerono alikunywa, akasema si mbaya. Hakuna mtu katika ukoo huu leo anayejua kiasi gani cha kaa kilikuwa kinatiwa, au Jerono alikuwa anatafuta harufu gani pale alipokuwa ananusa. Nilijaribu mwenyewe mara nne. Maziwa yanaharibika.

Sasa nisikilize, maana sikukueleza haya ili unionee huruma. Nyinyi mnatengeneza vitu vizuri. Nawaona Desemba mkioka keki nyumbani, mkishona shanga, mkifuma vikapu vya nyuzi za rangi, mkisema mnarudisha mambo ya kina nyanya. Fanyeni, inanifurahisha. Lakini ukiingia katika kazi ya mikono ya mtu mwingine, uliza kwanza. Unachokiona ni uchafu huenda ndiyo kazi yenyewe, na mwenye kujua yuko pale pale, amekaa jikoni, hajachoka kuulizwa. Usisaidie kwa siri ili usifiwe kwa sauti.

Na ukiharibu, sema. Sema siku hiyo hiyo, mdomo ukitetemeka, mbele ya unayemwogopa. Kosa langu la sabuni lingechekwa kufikia Pasaka. Wangeniita Wanjiru wa Sabuni mpaka leo, na jina hilo ningelibeba bila taabu. Nililoharibu kwa kunyamaza ni mtu, na mkono wake, na mama aliyekufa bila kujua binti yake alikuwa hodari na mvumilivu kiasi gani. Usijidanganye kwamba muda unapita na jambo linapoa. Linapoa kwako wewe. Kwa aliyelibeba halipoi, ila amezoea kulibeba tu. Na ukiona mtu anayejua kazi amekaa pembeni anamenya viazi, jiulize ni nani aliyemweka pale, na kama ni wewe, simama uende.

Mungu akubariki, mwanangu. Abariki mikono yako na wanaokufundisha, akuweke na watu watakaokula ulichopika wakakuambia ukweli. Na siku utakayokosea, maana utakosea, akukutanishe na uliyemkosea mapema, angali na nguvu za kukukasirikia.